Mlango Uliomngojea Mgeni

Materniti ya zahanati yetu ilikamilika mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa kumi na moja hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amezaliwa ndani yake. Haikukosa kitanda. Haikukosa tangi la maji wala taa za sola. Ilikosa mgeni wa kukata utepe.

Mgeni mwenyewe alikuwa mkubwa wa siasa. Jina lake silitaji. Naye hajawahi kuuliza langu. Alikuwa aje mwezi wa nne, akapata mazishi kwingine yenye watu wengi zaidi. Alikuwa aje mwezi wa saba, akasema barabara yetu ina vumbi. Kila mara tulifyeka nyasi, tukapaka mawe chokaa, tukachinja, na jioni tukala nyama ya mgeni sisi wenyewe, kimya kama watu wa matanga.

Katikati ya kungoja huko Ndunge akafa. Alikuwa jirani yetu. Alifia njiani, nyuma ya pikapu, akipelekwa Kitui mjini na mtoto bado yuko tumboni. Mimi nilikuwa ndani ya pikapu hiyo nikimshika mumewe asianguke. Tulipita mbele ya materniti. Niliuona mlango wake wa chuma ukibaki nyuma yetu, umefungwa, unang'aa. Niliujua vizuri. Mimi ndiye fundi niliyeutia.

Kimeu, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ndiye aliyetaka mlango wa namna ile. Wezi walikuwa wametuibia mabati mara mbili, akaniambia, "Mwau, nifungie mlango ambao mwizi akiuona ataketi chini alie." Basi nikafanya hivyo. Kufuli lilikaa ndani ya kisanduku cha chuma, huwezi kulipiga. Fremu niliishika kwa vyuma vilivyoingia ndani ya ukuta, nikaimwagia zege lenye saruji ya kutosha. Nimejenga kutoka Kanyangi hadi Tawa na sijawahi kufunga mlango mgumu kama ule.

Nesi wetu alikuwa Halima, mtu wa Mwingi, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiolala. Sisi tulimwita daktari. Zamani aliwazalisha wanawake katika chumba cha kutibia, juu ya kitanda cha mbao nyuma ya pazia, wagonjwa wengine wakikohoa upande wa pili. Materniti ilipokwisha, mkubwa wake wa kazi akaja, akaitazama kwa nje, akamwambia: sasa mna jengo la kisasa, marufuku kuzalishia kwenye mbao. Kwa hiyo kwenye mbao hakuruhusiwa, na kwenye jengo hakuwa na ufunguo.

"Nakichungulia kile kitanda dirishani kila asubuhi," aliniambia siku moja. "Kimefungwa plastiki mpaka leo. Mzee Mwau, mimi nimekuwa kama mtoto wa maskini mbele ya duka la mikate."

Mimi nami nilikuwa na langu. Mbithe, mke wa mwanangu Ndeti, alikuwa na mimba ya kwanza. Ndeti yuko Kasikeu, anauza katika duka la vifaa vya ujenzi, na mkewe alikaa nasi nyumbani. Siku zake zilikuwa ziangukie kwenye mvua ya mwezi wa kumi na moja, wakati mto unajaa na gari haliendi popote. Nilikwenda kumtafuta Kimeu.

Nilimkuta soko la mifugo la Kanyangi, ameshika beberu kwa pembe, watu wamemzunguka wakibishana juu ya meno yake.

"Mwenyekiti, nimekuja kwa ajili ya ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Huo ulioning'inia kiunoni."

Akacheka. "Mwau, kazi ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Ukalipwa?"

"Nikalipwa."

"Basi tulia. Fundi cherehani akishashona nguo ya arusi, haji tena kumvua bibi arusi."

Soko lote likacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, maana ilikuwa nzuri. Kisha nikamwambia, "Huyu bibi arusi amesimama mlangoni tangu mwezi wa tatu, Kimeu. Atazeekea hapo. Mke wa Ndeti anakaribia, na mvua inakuja."

Akamwachilia beberu, akanivuta kando. Hakuwa anacheka tena.

"Sikiliza, ndugu yangu. Huyu mtu ametuahidi kisima. Mashine ya kuchimba iko tayari. Tukifungua bila yeye, wataenda kumwambia tumemdharau, na mashine itaenda kwa wale wa ng'ambo ya mto. Unataka mama zetu waendelee kufukua mchanga wa mto wakitafuta maji, kwa sababu ya mlango?"

Halikuwa neno la kijinga. Ndiyo sababu nilirudi nyumbani. Kimeu si mtu mbaya. Tulisoma darasa moja mpaka nilipoacha shule, na siku ya arusi yake mimi ndiye niliyesimama kando yake. Amekingoja kisima tangu tukiwa vijana, na nadhani kule kungoja kulimwingia mwilini, akawa hawezi tena kufanya kitu kingine.

Hatimaye siku ikapangwa: Alhamisi, wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Safari hii gari la hema likafika kweli. Jumanne chifu akaita mwethya. Kwetu mwethya ni kazi ya wote: unakuja na jembe lako, unafanya, hakuna anayekulipa, na asiyekuja anakumbukwa. Kiongozi wa mwethya wetu ni Kaluki, mama mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha bila kupumua. Asubuhi mto ulikuwa umejaa ukingo kwa ukingo, rangi ya chai, unabeba miti mizima. Tulifyeka kwenye tope. Wanawake walilima njia ya kupitia mgeni, wanaume tulipaka mawe chokaa ambayo mvua ilikuwa imeosha. Chumba cha kutibia kilikuwa kimejazwa viti vya plastiki, makreti ya soda na spika za kanisa ili visilowe. Kwenye mlango wa materniti Kimeu alikuwa ameshafunga utepe mwekundu kutoka nguzo moja ya kibaraza hadi nyingine.

Nilikuwa nimeinama kwenye mawe yangu niliposikia sauti ya mke wangu.

Wayua alikuwa anakuja chini ya mteremko anasukuma wilbaro. Ndani yake alikuwa Mbithe, amekunja magoti, amefunikwa leso mbili. Gurudumu likazama kwenye tope, likakataa. Wayua akasukuma, likakataa. Halima, aliyekuwa akiandika mlangoni pa zahanati, akatupa kalamu, akashuka mbio na kandambili zake mkononi. Aliinua leso, akapima, akamsemesha Mbithe kwa upole ambao sikujua kwamba anao. Halafu akapanda moja kwa moja hadi mbele ya Kimeu.

"Ufunguo."

"Daktari, ni siku mbili tu," Kimeu akasema. "Sakafu imepigwa polishi. Utepe umefungwa."

"Damu inatoka kwa maji na sabuni."

"Mpeleke mjini."

"Mto umefika kwenye mahindi ya watu. Nimfunge mabawa?"

"Basi arudishwe kwa Mwau, si mbali. Sisi wote hapa tulizaliwa nyumbani, na tuko hai."

"Waliokufa hawako hapa kukujibu," Kaluki akasema. Alikuwa ameegemea jembe lake. "Wewe Kimeu, wako walizaliwa wapi?"

"Mwaitu, hilo haliingiliani na—"

"Nimekuuliza wapi."

Kimeu alimwita mwaitu, yaani mama yangu, kama tunavyowaita wote wa umri wake, na mama akikuuliza mara mbili mbele ya watu huna pa kwenda.

"Hospitali ya mjini," Kaluki akamjibia. "Wote watatu. Mimi nilimchungia mkeo mbuzi."

Chifu akakohoa. Akasema jambo hili ni zito na linataka utaratibu. Akasema tumpigie simu mgeni, tuombe ruhusa. Mtandao ulikuwa umekatika tangu usiku. Simu inashika juu ya kilima tu. Chini ya mteremko Mbithe akatoa sauti, si kelele, sauti ya chini kama ng'ombe.

Nikaenda kwenye mfuko wangu wa kazi. Nikatoa nyundo kubwa na tindo.

"Mwau," chifu akasema, "hiyo ni mali ya umma."

"Umma ndio huo kwenye wilbaro."

Nilianza na kisanduku cha kufuli kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilipiga mara tatu, mkono ukaniuma hadi begani, na kisanduku hakikupata hata alama. Nilisikia mtu akicheka nyuma yangu. Nikahamia upande wa bawaba, nikaanza kubomoa ukuta pale nilipojua kwamba nilifukia vyuma. Mafundi wengine wanachanganya mchanga mwingi na saruji kidogo, nami nimewatukana miaka yote. Siku ile nilitamani ningekuwa mmoja wao. Zege langu lilikuwa linatoka punje kwa punje.

Kimeu akaushika mkono wangu wa nyundo.

"Utafungwa, ndugu yangu. Mimi ndiye nitakayeandika malalamiko."

"Niwekee kufuli hili hili. Ni zuri, halivunjiki."

"Na kisima je? Utakijibia wewe?"

"Nitajibu. Niachilie mkono."

Hakuniachilia. Hapo Kaluki akasema neno moja kwa Kikamba, na wanawake wa mwethya wakasogea. Hakuna aliyeinua jembe. Waliyasimika tu kwenye tope, moja baada ya lingine, kati yangu na watu wengine wote, hadi yakawa kama ua la boma, nao wakasimama nyuma ya majembe yao. Kimeu akajikuta peke yake ndani ya ua pamoja nami.

"Toka, mwanangu," Kaluki akamwambia. "Ama utupe huo ufunguo, ama utoke."

Akaugusa ufunguo kiunoni. Nilimwona. Nilidhani atautoa, na mpaka leo naamini alitaka. Kisha akamtazama chifu, akautazama utepe, akatoka katikati ya wanawake akiwa ameinamisha kichwa.

Nilipiga. Chuma cha kwanza kikaachia, cha pili kikaachia. Cha tatu nilikitoa kwa mtaimbo, nikauvuta mlango pamoja na fremu yake kando, ukaangukia kwenye kibaraza kwa kishindo. Halima aliinama chini ya utepe, akaingia, nikamsikia ndani akirarua plastiki.

"Mleteni!" akapiga kelele. "Kichwa kinakuja, mleteni!"

Wanawake wawili walikuwa wameshajaribu kumbeba Mbithe. Walipanda hatua kadhaa, wakateleza, wakapiga magoti naye kwenye tope, na leso ikachanika. Vijana waliokuwa wanasimamisha hema walitazama kando. Kwetu kijana hamgusi mwanamke aliye kwenye uchungu, tena mke wa mwenzake. Wayua ana mgongo mbovu. Alinitazama. Hakuniita, alinitazama tu, na mimi nilielewa alichokuwa anaomba na alielewa anachokiomba ni nini.

Maana kuna nthoni. Ukambani, mwanamume na mke wa mwanawe wana nthoni kati yao. Ni heshima, lakini ni heshima iliyo kama ukuta. Hampeani mikono. Hamketi benchi moja. Akiwa jikoni, unakohoa mbali ili ajifunike. Mambo ya mwili wake huyajui wala hutaki kuyajua. Pasta wetu husema hayo ni mambo ya kale, lakini hata pasta sijamwona akimshika mkono mke wa mwanawe. Katika miaka miwili ambayo Mbithe alikuwa amekaa nyumbani kwangu, nadhani sikuwahi kuwa karibu naye kuliko upana wa mlango.

Nilishuka. Nimebeba mawe kwenye tope tangu nikiwa na ndevu za kwanza, najua pa kuweka mguu. Niliingiza mkono mmoja chini ya magoti na mwingine chini ya mgongo.

Akavuta leso usoni. "Baba, si wewe. Tafadhali. Watu wanaona."

"Fumba macho. Leo mimi si baba. Mimi ni fundi, nabeba jiwe."

Nikapanda. Katikati ya mteremko uchungu ulimshika tena, akaniuma bega kupitia shati mpaka nikaona nyota. Sikusimama. Watu wote wa mwethya, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamegeuza nyuso zao upande wa mto ili wasione nikifanya ninachofanya. Ni Kimeu peke yake aliyebaki akinitazama.

"Ngai, Mungu wangu," akasema polepole, bila ubaya. "Mwau, umejimaliza."

Kwenye kibaraza sikuwa na mkono wa kuinua utepe, wala sikuwa na nafasi ya kuinama. Niliupita nao. Ulijivuta, ukakatika. Nikamlaza Mbithe kwenye kitanda ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia, nikatoka, nikaokota nyundo yangu, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikakaa chini kwenye tope.

Mtoto alilia kabla sijapata pumzi yangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu vigelegele vikakatika ghafla, na nikamsikia Halima akimwita Wayua, "Leta ile chupa ya dawa kwenye friji. Ile ndogo. Kimbia!" Damu ilikuwa inamtoka Mbithe na haikuwa inasimama. Nilikaa pale nikisikiliza, nyundo iko mapajani, na hapakuwa na kitu cha kupiga.

Halima alipotoka, gauni lake lilikuwa jekundu hadi kwenye magoti.

"Imesimama," akasema. "Msichana. Ana kifua cha kuimba kwaya. Na mama yake atakuwa sawa." Akanawa mikono kwenye bomba la tangi, kwa muda mrefu. "Nyumbani kwako, mzee, isingesimama."

Kimeu alikuwa ameshapanda kilimani na simu yake. Saa nane walikuja kunichukua kwa miguu, askari wawili wa kituo kidogo, wamelowa, wakiona haya. Nilipoondoka Kaluki alikuwa ameweka kiti cha plastiki mahali pa mlango, kimoja kati ya vile vya wageni, akakikalia. Aliapa kwamba hakuna atakayeziba tena tundu lile akiwa hai. Jumatano akaja mwanamke mwingine, wa kijiji cha pili, akapita kando ya kiti chake akajifungua mvulana. Alhamisi mgeni hakuja. Mto ulikuwa bado umejaa, na nadhani alikuwa ameshasikia. Soda wakanywa waliofyeka.

Materniti haijafungwa tangu siku hiyo. Watu wananiuliza ilinigharimu nini. Nitawaambia.

Nililala selo siku tatu, hadi chifu mwenyewe akaja kusema maneno, maana dada yake alikuwa na mimba. Mlango niliurudisha kwa mikono yangu na saruji yangu, na safari hii sikuweka mahali pa kufuli.

Kimeu haniamkui. Kanisani anakaa upande ule, nami upande huu. Kazi ya kujenga josho la kuogeshea ng'ombe, ambayo ilikuwa yangu, alipewa mtu wa Kanyangi anayeweka mchanga mwingi.

Halima alihamishwa kabla ya Krismasi, mbali, upande wa mashariki kusiko na lami. Hawakumwambia kosa lake. Aliyekuja badala yake anafanya kazi vizuri.

Mashine ya kuchimba maji ilienda ng'ambo. Nimeiona ikipita. Wanawake wetu bado wanafukua mchanga wa mto, na Kaluki anafukua pamoja nao, na kuna wale wanaonitajia jambo hilo kila nikipita na debe. Wana haki.

Wazee walinitoza mbuzi wawili kwa ajili ya nthoni. Waliniuliza kama najuta. Niliwaambia mbuzi hao hapo, leteni kisu.

Ndeti alikuja kutoka Kasikeu wiki iliyofuata. Hakunigombeza. Alinishukuru, ametazama chini, akasema mkewe hawezi tena kutembea mbele yangu katika boma lile, na yeye hawezi kumlazimisha. Akamchukua na mtoto, wakaenda. Mtoto anaitwa Wayua, kwa jina la mke wangu, kama inavyotakiwa. Ana meno manne. Mke wangu huenda kumwona, na akirudi hunionyesha picha kwenye simu. Mimi sijamshika.